Nzuri Juu, Mbaya Chini

Nilipofika langoni kwetu, kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa nyumba ya jirani. Sikuwa nimewahi kuiona nikiwa pale. Tangu niolewe katika ile boma, chini kidogo ya Runyenjes, ukisimama langoni ulikuwa unaona kahawa, na nyuma ya kahawa ni kahawa tena mpaka mtoni. Siku hiyo niliona ukuta wa jirani, kamba yake ya nguo, na mbwa wake amelala juani kama hakuna kilichotokea. Ndipo nikaangalia chini. Miti yote ilikuwa imelazwa, mizima mizima, mizizi ikiwa juu na udongo mwekundu bado umeishika, na matunda mabichi yamebanana kwa matawi vile yanabananaga mwaka ukiwa mzuri. Mume wangu Nyaga alikuwa amesimama katikati na jembe, shati limelowa mpaka kiunoni. Ndugu yake Ireri alikuwa ameketi juu ya shina akinywa chai kwa kikombe changu.

"Baba Munene," nikamwambia Nyaga, "ni nini umefanya?"

"Nimetoa takataka."

"Takataka gani?"

"Si bosi wako alisema ni takataka? Si wewe ulikuwa hapo ukisikia?"

Ireri akacheka. "Shemeji, wacha kusimama hapo kama umefiwa. Hapa tunapanda muguka, miraa yetu ya majani. Munene akimaliza shule atakuta tunavuna kila wiki. Kahawa ni ya wazee."

Sikulia. Nilifungua leso yangu nikaanza kuchuma yale matunda mabichi, moja moja, nayaweka ndani, kama kwamba kuna mahali nitayapeleka. Kahawa mbichi haina kazi. Mtoto yeyote wa Embu anajua. Nilichuma tu. Nyaga akaweka jembe chini na kuketi pale pale kwa udongo.

"Wacha hizo, Mama Munene," akasema. "Mimi ndiye niliweka nzuri juu, mbaya chini. Wacha watu waniite hivyo."

Alisema kama mtu aliyepigwa mpaka akakubali kosa ambalo hakufanya. Hiyo sauti ndiyo naishi nayo.

Nimepita umri wa miaka arobaini sasa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mahali maneno hayajakaa sawa mtanivumilia. Majina lakini nitayaweka sawa. Kirimi wa Kinoru. Doreen mke wake. Ireri naye yuko, ingawa Ireri alifanya tu kile inzi hufanya akiona kidonda. Kidonda chenyewe kilifanywa na wengine. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe nisitaje mtu. Wao hawakuchuma yale matunda.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Kinoru, mjini Meru, kwa sababu kahawa peke yake haikuwa inatutosha. Jikoni kwa Kirimi, ukisimama kwenye sinki Jumapili mchana, ulikuwa unasikia watu wa uwanjani wakishangilia, halafu wote wananyamaza pamoja, unajua timu ya nyumbani imefungwa. Ilikuwa jikoni nzuri, yenye kabati za mbao na sakafu ambayo ukipiga deki unajiona. Na juu ya meza ya mawe, mahali ambapo mwanamke mwingine angeweka mikate yake na matunda, ilikaa ile mashine ya kahawa kutoka Italia, inang'aa, na kando yake mashine ndogo ya kusaga, nyeusi, yenye faneli juu. Kirimi alikuwa ameacha kazi kwa kampuni ya kahawa Nairobi akaja nyumbani na mpango wake: atachukua kahawa moja kwa moja kwa wakulima, ataichoma mwenyewe kwa jiko lake dogo la gesi kule nyuma kwa garaji, atapelekea mahoteli. Kabla ya hoteli kuonja, lazima yeye aonje kwanza, hapo jikoni, kila asubuhi, akiwa na suruali ya kulalia.

Doreen hakuwa anaipenda ile mashine. Alikuwa mwalimu wa nasari, mwanamke wa kucheka sana, mdomo wake haukuwa na mlango. "Auntie," alikuwa ananiambia, maana ndani ya nyumba hakuna aliyeniita Kagendo, wote waliniita auntie kama mtoto wao Makena alivyoniita, "auntie, mwanaume ametoka Nairobi akaniletea kanisa la chuma jikoni. Tunangoja ichemke ndio tuombe." Siku ambayo Kirimi alichukua mkono wa mashine, kile kishikio chenye bakuli la chuma la kutilia kahawa, akaupeleka Makutano kwa fundi wa kuchomelea na kurudi nao umekatwa kitako chote, Doreen aliushika akachungulia upande wa pili kama mtu anayechungulia kwa bomba.

"Umenunua kitu ya Italia ukaenda kuikata Makutano?"

"Mama Makena, ikiwa na midomo ile ya chini ya kumiminia, makosa yanajificha. Kahawa inatoka tu, hujui imepitia wapi. Ukitoa kitako unaiona uchi."

"Basi hata wewe tukutoe kitako tuone makosa yako."

Tulicheka wote watatu. Ninayaandika haya ya kucheka kwa sababu ni kweli, kulikuwa na kucheka. Hawakuwa watu wa kunitukana. Hawakuninyima chakula, githeri nilikula kwa sahani kama yao, na Krismasi Doreen alinipa viatu. Nimefikiria sana hiyo. Mtu akikutesa, unajikinga. Hawa sikujikinga.

Kirimi alikuwa akiniita nione. "Auntie, kuja." Anasaga, anatia unga kwa lile bakuli, anashindilia na kile chuma chake cha mviringo, anafunga, anabonyeza. Kwanza hakuna kitu. Halafu chini ya mkono, kwenye yale matundu madogo madogo, matone ya rangi ya udongo yanatokea kila mahali kwa pamoja, kama jasho, yanavutana kuja katikati, yanashikana, na kamba moja inashuka kwa kikombe polepole kama asali. "Hivyo," anasema. "Ikishuka hivyo, kila chembe imetoa yake. Hakuna iliyoonewa, hakuna iliyojificha." Kahawa ya kwanza aliyojaribu ilikuwa ya watu wa kwao Nkubu, na ilishuka vizuri, lakini ilikuwa kidogo, ikaisha. Hapo ndipo mimi nikasema. Nilikuwa nimelikalia hilo neno siku nyingi, nikiosha vikombe nalimeza, naosha nalimeza.

"Baba Makena, kwetu Embu tuko na kahawa."

Nataka mwelewe nilichokuwa natafuta. Mimi ni wa Muthara, kwetu ni miraa mpaka mlangoni, na nilikua nikiona wanaume wamekaa kando ya barabara mashavu yamefura, macho makavu, wakibishana kuhusu vitu visivyokuwa. Nilipoolewa Embu nikakuta kahawa, niliiona kama heshima. Kahawa unangoja. Unapogoa, unangoja mvua, unangoja maua, hakuna mtu anaitafuna njiani. Ile yetu ilipandwa na baba yake Nyaga, na Nyaga alikuwa akitembea ndani yake jioni bila kufanya kazi yoyote, akishika tu majani. Lakini Ireri alikuwa amemkalia shingoni kwa mwaka mzima: toa hii, panda muguka, majirani wote wametoa. Na Nyaga alikuwa ameanza kunyamaza Ireri akisema hivyo. Kama Kirimi angeichukua kahawa yetu, Nyaga angekuwa na neno la kumjibu ndugu yake. Hiyo tu. Nilikuwa nataka mume wangu awe na jibu.

Nyaga aliileta mwenyewe. Tulikuwa tumeacha kiasi nyumbani, tukaimenya kwa ile mashine ya mkono, tukaiosha na kuianika, na mama mkwe akakaa nayo siku nzima akitoa mbaya kwa vidole. Alikuja Kinoru na gunia moja, amevaa koti la kanisa, akakataa kuketi kwa sofa kwa sababu suruali ilikuwa na vumbi. Kirimi akachoma kidogo, akaipumzisha siku mbili tatu, na Nyaga akangoja kwa dada yangu mjini ndio aone. Asubuhi hiyo sote tulikuwa jikoni. Matone yakatoka kila mahali kwa pamoja, yakaja katikati, kamba ikashuka. Kirimi akaonja. Akaonja tena. Akaniangalia mimi, hakumwangalia Nyaga.

"Auntie, bwana yako amekuwa akificha hii kitu wapi?"

Nyaga akapewa kikombe kile kidogo kama cha mtoto wa kuchezea. Mume wangu alikuwa amelima kahawa maisha yake yote na hakuwa amewahi kuinywa. Sisi ni watu wa chai. Akaonja, uso ukakunjika kama amelamba shubiri.

"Ni chungu, Baba Makena. Lakini ni ile yetu?"

"Ni yenu."

Akaimaliza yote. "Baba yangu angeonja hii angetema," akasema, na akacheka mpaka akashika meza. Kirimi akamwambia, nikisikia na masikio yangu haya: "Nyaga, usiguse hata mti mmoja. Msimu huu nachukua yote. Na ya majirani yako nitaichukua, ukinipeleka." Walishikana mikono. Nyaga alipokuwa anatoka alisimama kwa mlango wa jikoni akarudisha macho kwa ile mashine, vile mtu huangalia mganga aliyemponya mtoto.

Ikafika Julai na baridi yake. Niliomba ruhusa wikendi moja nikaenda Embu, na huko nyumbani ilikuwa kama sherehe. Nyaga alikuwa amemjibu Ireri. Mama mkwe alinisimulia, alimjibu akiwa amesimama, sauti juu: "Kahawa yangu imeonjwa na watu wa kujua!" Niliporudi Kinoru Jumatatu nilimkuta mama yake Kirimi amekuja kutembea kutoka Nkubu, mwanamke mzee mzuri sana, sote tulimwita shosho, amefunikwa blanketi karibu na jiko akinywa uji wa wimbi. Nikasalimia, nikaosha sufuria za uji, nikafurahi kumwona. Hapo sikujua nini nilikuwa naosha.

Kesho yake asubuhi Kirimi akasaga kahawa yetu. Ile ile, gunia lile lile. Akabonyeza. Upande mmoja ukatoa maji meupe mara moja, upande mwingine ukabaki mkavu, na katikati kukatokea kama sindano ya maji moto ikaruka ikapiga ukuta. Alionja akatema kwa sinki. "Ni kali kama ndimu na ni chungu kama majivu, pamoja. Inawezekanaje pamoja?" Akadhani amekosea mkono. Akarudia. Ikaruka tena, ikampata kwa shati.

Sasa ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Sijui kama nimewahi kuona mwanaume akihangaika na kitu kidogo vile. Alisaga laini, ikaziba, halafu ikapasuka upande. Alisaga nene, ikamwagika kama chai ya kanisa. Alipunguza unga, akaongeza. Alichukua sindano za kushona za Doreen akazichomeka kwa kizibo cha chupa, akawa anakoroga unga ndani ya bakuli kabla ya kushindilia, polepole, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika. Alinyunyizia mbegu tone la maji kabla ya kusaga. Alifungua juu ya mashine akatoa kichujio akakichemsha. Aliweka glasi ya maji juu ya meza aone kama meza imeinama, na kweli ilikuwa imeinama kidogo, akaweka kadibodi chini ya mguu mmoja, akashangilia, akabonyeza, ikaruka. Mimi nilikuwa napanguza ukuta. Kila asubuhi napanguza kahawa ya mume wangu kwa ukuta wa watu.

Ile mashine ya kusaga ilikuwa na mlio mpya. Mimi si fundi na sisemi nilijua. Nilisikia tu inakohoa. Kirimi alikuwa akisaga huku ameweka redio juu, habari za asubuhi. Nilimuuliza Doreen siku moja tukianika nguo.

"Madam, hii ya kusaga ni kama inalia."

"Auntie, mashine pia zinazeeka. Wacha Baba Makena na vita vyake."

Alijibu haraka na akaniachia beseni nusu akaingia ndani. Niliona ni baridi imemfukuza.

Kilichomaliza maneno ni mkebe. Kirimi alienda dukani akaleta kahawa ya mkebe, iliyosagwa kiwandani, hata harufu haina. Akaitia kwa lile bakuli bila kukoroga bila nini. Ikashuka. Ilishuka mbio, ilikuwa nyepesi kama maji ya kuosha mikono, lakini ilishuka katikati, haikuruka popote. Alisimama akaiangalia mpaka kikombe kikajaa na kumwagika. Akanigeukia taratibu. "Unaona, auntie? Mashine ni nzima. Mkono wangu ni mzima." Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Hata mimi, Mungu anisaidie, nilimwona kama amesema ukweli, kwa sababu nilikuwa nimeona na macho. Ile ya mkebe ilikuwa imesagwa kwingine. Ni jambo dogo hivyo, na hakuna kati yetu aliyelifikia: yeye na shahada yake, mimi na darasa langu la sita.

Halafu akaja mtu wa hoteli kutoka Nairobi, ambaye Kirimi alikuwa amemwalika kabla ya taabu kuanza na akaona aibu kumkatalia. Mtu mpole, shati jeupe. Doreen alitengeneza mandazi. Kirimi akabonyeza akiomba, niliona midomo ikitembea, na ile sindano ya kahawa ikaruka ikamchora mgeni kutoka kola mpaka kwa kifungo. Mgeni alicheka, akasema si kitu, akaonja kidogo, akaweka kikombe chini mbali na yeye. Alikula mandazi moja akaaga. Gari lake lilikuwa bado halijafika barabarani wakati Kirimi alipiga simu Embu. Aliiweka kwa spika juu ya ile meza ya mawe, akinipa mgongo. Doreen alikuwa ameketi pale, mkono mmoja kwa mandazi.

"Nyaga, umenionea."

"Baba Makena? Ni kitu gani?"

"Ulinionjesha nzuri iliyokuwa juu. Chini ukajaza takataka. Mlifikiria sitafika chini ya gunia?"

"Mzee, hiyo kahawa ni moja. Mama yangu aliichagua kwa mikono. Njoo uangalie—"

"Nzuri juu, mbaya chini. Hiyo ni ya watu wa viazi, Nyaga. Sikutarajia kwako. Na majirani zako uwaambie sitakuja."

Simu ikakatika. Nilimwangalia Doreen. Alikuwa anaangalia yale mandazi. Wakati huo nilifikiri ananionea huruma.

Jumamosi nilienda nyumbani. Hapo ndipo nilipoanzia, sitaki kurudi.

Mambo ya baadaye ni mafupi kusema na marefu kuishi. Neno lile lilikuwa limeshafika kwa majirani, kwa sababu Ireri alikuwa kwa nyumba simu ikipigwa. Sokoni mtu akimuuzia Nyaga nyanya alikuwa anamwambia, "Hizi nimeziweka nzuri mpaka chini, mzee, si kama za wengine," na watu wanacheka. Kwa chama cha kahawa aliacha kuenda hata kabla hana kahawa. Muguka ilishika vizuri, Ireri hakudanganya kwa hilo. Lakini mtu anayechuma muguka siku yote na vijana, akiwa na neno ndani yake linalomkwaruza, atafanya nini? Alianza kuitafuna. Kwanza na vijana, kando ya shamba. Halafu peke yake, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nilikuwa nimetoka Muthara nikaolewa mbali ili nisione lile shavu lililofura, na likaja likakaa kwa meza yangu. Mama mkwe alikufa akiulizauliza ni mbegu gani mbaya ilimpita. Alikuwa akiangalia vidole vyake. Munene alienda Nairobi na haongei na baba yake. Na Nyaga yuko. Anakaa kwa kiti nje, anaongea na watu ambao hawapo, na kila mara ni ile kesi: anapanga gunia, anaeleza vile alilijaza, anaapa.

Mwaka huu, yule shosho wa Nkubu akafariki. Nilipigiwa simu nije nisaidie wapishi, kwa sababu alikuwa ananipenda, na mimi nikaenda kwa ajili yake. Tulikuwa wanawake wengi nyuma ya nyumba, tunamenya viazi za mukimo, na kama kawaida ya matanga watu wanasimulia vituko vya marehemu ili mikono isichoke. Doreen alikuwa hapo, amenenepa kidogo, kicheko ni kile kile.

"Mnajua mama alikuja kwangu wakati mmoja akakataa unga wa dukani?" akasema. "Alikuja na wimbi yake kwa mfuko. Mimi niende Makutano kwa kisiagi nikaisagishe na ile baridi? Nikamwambia mama, mashine iko hapa. Nikaimwaga yote kwa ile mashine ya kusaga ya Baba Makena!"

Wanawake wakapiga kelele. "Wimbi! Ya kupurwa kwa udongo!"

"Wacha! Kumbe ina mawe. Mashine ikalia krrr, krrr, kama inatafuna misumari. Na mama anaimba wimbo wa kanisa kando yake ati inasaga vizuri! Alikunywa uji wa chuma mzee huyu, na akaishi miaka hiyo yote."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kiazi. Mimi kisu kilikuwa kimesimama.

"Madam," nikasema, "ilikuwa lini?"

"Ai, Kagendo. Ni zamani. Wewe ulikuwa umeenda kwenu ile wikendi."

Aliposema hivyo akasikia alichosema. Nilimwona akisikia. Kicheko kikabaki kwa mdomo bila kitu nyuma yake.

"Na Baba Makena, alijua?"

Akachukua kiazi kingine. "Alijua wakati wa kuiuza. Aliifungua akapata meno yamemeguka upande mmoja, kumbe ilikuwa inasaga nusu unga nusu kokoto. Tulishangaa sana." Akazungusha kiazi akitafuta pa kuanzia kumenya. "Lakini wakati huo si nyinyi mlikuwa mmeshatoa kahawa? Ningesema ingesaidia nini? Angenigombeza tu bure."

Bure. Niliweka kisu chini nikamfuata Kirimi upande wa hema. Alikuwa na wazee wa kamati wakipanga viti. Nikamwambia, mbele yao, kwa heshima: "Baba Makena, pole kwa mama. Ulijua meno ya ile mashine yalivunjwa na wimbi?" Hakuuliza mashine gani. Alinishika kiwiko akanisogeza kando, na mkono wake ulikuwa laini, ule wa kushindilia.

"Kagendo, leo ni siku ya mama yangu."

"Na siku ya Nyaga ni lini?"

"Nilitaka kupiga simu. Kweli nilitaka. Nikasikia mmepanda muguka na inafanya vizuri. Nikaona nisiwasumbue."

Akaitwa upande wa jeneza, akaenda.

Nilirudi Embu nikapiga magoti mbele ya kile kiti nikamwambia Nyaga yote, polepole: wimbi, mawe, meno, mkebe. Nilimwambia gunia lilikuwa zuri mpaka chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa kama mtoto.

"Wewe ni mke mzuri," akasema. "Unanipoza. Lakini yule ni mtu wa kujua, Mama Munene. Yeye aliiona."

Nikamwambia tena siku nyingine, na nyingine. Ananipapasa kichwa. Kutoka kwa mdomo wangu ukweli huu ni dawa ya kulaza mgonjwa, hauna uzito. Aliyemhukumu alikuwa na mashine na shahada, na hiyo hukumu haiwezi kufutwa na mwanamke aliyekuwa akipanguza ukuta.

Kwa hivyo nawaita kwa majina. Kirimi, unajua njia ya Runyenjes. Ulipanga kuja kuona kahawa ya majirani. Doreen, una mdomo wa kuchekesha wanawake kumi kwa mazishi. Sitaki viatu vya Krismasi, sitaki pole kwa simu. Mje nyote wawili mchana, majirani wakiona, na Ireri nitamwita asimame hapo asikie. Mumwambie mume wangu kwamba hakuwaibia. Mumwambie mlijua, na mlijua tangu lini, na kwa nini mlinyamaza. Yeye anaisha, naona kila asubuhi vile anaisha, na huenda siku mkija atakuwa hawatambui. Hata hivyo mtasema. Kama hamji, basi nijibuni mimi hapa, mbele ya wote watakaosoma hii: mlikuwa mnangoja afe ndio mseme, au mlikuwa hamtasema kabisa?